Tikiti ya Sokoni, na Njia Ingali ya Vumbi

Msomaji mpenzi, toka nyumbani asubuhi mapema, uende katika soko lolote la Annexe, hata lile dogo la mutaa wenu kule Kasungami, Kalebuka, Kisanga ao Luwowoshi. Utamukuta mama ametandika gunia chini. Amepanga nyanya mafungu mafungu, sombe pembeni, ndakala katika kopo, unga wa kupima na meka. Bado hajauza hata fungu la kwanza, na mtu wa takse amekwisha kufika na kitabu chake cha tikiti. Mama anamuomba apite kwanza kwa wengine, sababu siku haijafunguka. Anapita, kisha anarudi. Siku nyingine anakata tikiti na kuitoa. Siku nyingine anapokea feza, anaitia mufukoni, na kitabu kinabaki kimefungwa. Na siku nyingine tena anachukua fungu la nyanya, na wote wawili wanacheka kidogo, ijapokuwa mama hana furaha.

Jioni mama yule anarudi kwake kwa miguu. Ikiwa ni mwezi wa kwanza, anapita matopeni. Ikiwa ni mwezi wa nane, anameza vumbi. Taa ya njia hakuna. Maji anayatoa katika kisima cha jirani, na pale pia analipa. Wakati anaosha miguu mulangoni, anauliza ulizo ambalo sisi wote tumelisikia, na labda wewe mwenyewe umeliuliza: «Tunalipaka kila siku. Ile feza njo inaendaka wapi?»

Kuna majibu mawili ambayo watu wanayatoa mbio. Jibu la kwanza: wakubwa wanakula feza yote, basi tusilipe kitu. Jibu la pili, ambalo sisi watu wa Kanisa tunalipenda sana: ya Kaisari umupe Kaisari, lipa na unyamaze. Nafikiri majibu haya mawili ni mafupi mno. Lile la kwanza linamuacha mama bila njia na bila masomo ya watoto. Lile la pili linamusaidia mwizi. Yezu alipotamka neno lile juu ya Kaisari, alikuwa ameomba kwanza waonyeshe kipande cha feza, akauliza sura juu yake ni ya nani. Yeye pia alianza na ulizo.

Kamba iliyovuta wababu zetu

Ukitaka kufahamu sababu gani mtu wa kwetu akisikia neno kodi anakunja uso, lazima kurudi nyuma kidogo.

Mbele ya wazungu kufika, Waluba walikuwa na mulambu. Watu walipeleka kwa mufalme ao kwa shefu sehemu ya mavuno, ya nyama, ya chumvi, ya shaba. Haikuwa sikuzote kwa kupenda, tusidanganyane. Lakini kitu kilionekana. Chakula kile kilimungojea mugeni na mwenye njaa katika lupango la shefu, na shefu mwenye kula peke yake watu walimukimbia wakaenda kwa mwingine.

Halafu ikaja Leta ya mufalme Leopold. Sheria ya mwaka 1903 ilisema mutu mweusi atalipa kodi kwa kazi, saa 40 kila mwezi. Mahali pengi kazi ilipita saa hizo mbali sana, na wewe unajua habari ya mupira na mikono. Mwaka 1910, Wabeljiki walipokwisha kuchukua inchi kutoka kwa mufalme wao, wakaamuru kodi ilipwe kwa feza. Mwanaume mwenye mabibi wengi aliongezewa kodi kwa kila bibi wa ziada.

Angalia vizuri mwaka ule 1910. Njo mwaka reli ilifika hapa kutoka kusini, mji wa Élisabethville ukazaliwa. Njo mwaka ofisi ya kutafuta wafanyakazi wa migodi, Bourse du Travail du Katanga, ilianzishwa. Mwaka uliofuata, shaba ya kwanza ikayeyushwa karibu na mto Lubumbashi. Mambo haya yalikwenda pamoja. Mtu wa kijijini alikuwa na mihogo na kuku, lakini franka hakuwa nazo. Franka zilipatikana paka kwa muzungu. Basi kodi ilikuwa kamba ya kumutoa mtu shambani na kumuleta mugodini. Wengi wetu tunaosoma gazeti hili, tuko watoto wa wale waliovutwa na kamba ile.

Katika Kwango, mwaka 1931, bei ya ngazi ilianguka na kodi haikushuka. Wapende wakasimama. Askari walitumwa, mamia ya watu wakauawa. Kwa hiyo, babu alipomuona mtoza kodi anakuja na askari, alikimbilia porini, na wajukuu tumeurizi mbio ule. Hata leo, mtu wa takse akiingia sokoni, utaona vijana wenye kuuza wanabeba vitu vyao na kupotea.

Wakati kampuni ilikuwa baba na mama

Sisi watu wa inchi ya migodi tunayo historia yetu nyingine tena, na hii imetuharibu kwa namna ya pekee. Union Minière, na kisha Gécamines kuanzia mwaka 1967, ilikuwa baba na mama. Mtoto alizaliwa katika lopitali ya kampuni, akasoma masomo ya kampuni, akala posho ya kampuni, na alipokufa sanduku lilikuwa la kampuni. Nyumba ya kampu ikipasuka dirisha, fundi alikuja. Taka zikijaa, gari lilipita.

Na kodi? Ilikatwa kwenye karatasi ya mushahara, mbele feza haijafika mukononi. Baba aliona namba ya chini tu, ile ya kupokea. Kampuni nayo ililipa Leta sehemu kubwa ya feza iliyotumika kule Kinshasa. Nani kati ya wazazi wetu aliuliza feza ile inafanya nini? Maji yalikuwa yanatoka, unga ulikuwa unafika. Kwa nini kuuliza?

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Mwaka 1990 mugodi wa Kamoto, kule Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 1991 askari na raia walipora miji. Mwaka 1994 tani zilikuwa zimebaki karibu 30,000 tu. Feza ya Zaire nayo ilianguka mpaka ikabadilishwa mwaka 1993, zaire mpya moja kwa milioni tatu za zamani. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipewa kitu kidogo, wakaambiwa kwenda nyumbani. Ilikuwa inaitwa kuondoka kwa kupenda, lakini waliopenda sijakutana nao.

Jamaa nyingi zilitoka kambini na kuja hapa Annexe kununua kiwanja, sababu hapa njo viwanja vilikuwa vya bei ndogo. Komine yetu imezunguka zile zingine kama pete. Ni kubwa sana, na mahali pengi ingali kama porini. Na kumbe hapa hakuna kampuni ya kutengeneza dirisha. Kuna Leta. Tulikuwa hatujajifunza kuiuliza.

Kodi zisizo na jina

Tunasikia watu wa ofisi wanalalamika kwamba Wakongomani hawalipi kodi. Msomaji, chukua kalamu tuhesabu pamoja.

Mwanzo wa miaka ya 1990, Leta iliacha kulipa walimu mushahara wa kweli. Masomo yangefungwa. Wazazi na Kanisa wakapatana: kila mzazi atatoa kitu kila mwezi ili mwalimu asimame mbele ya watoto. Lilikuwa jambo jema la wakati wa taabu, lakini likakaa karibu miaka 30. Katiba ya mwaka 2006, katika kipengele cha 43, ilikwisha kusema masomo ya musingi ni ya bure katika masomo ya Leta, na ilikuwa lazima kungoja mwaka 2019 ili jambo lile lianze. Na tuseme ukweli hata kama unatuchoma sisi wenyewe: feza ile ya wazazi haikubakia yote mukononi mwa mwalimu. Sehemu ilipanda juu, kutoka ofisi mpaka ofisi, na ofisi za masomo ya Kanisa zilikuwa pia katika ngazi ile.

Masomo ni mfano mumoja. Katika mitaa mingi ya Annexe, ukitaka kuriri, watu wa avenue wanakusanyika, wanatoa kotizo, wananunua nguzo, wananunua kamba ya umeme, na mahali pengine wananunua kabine nzima. Kisha vitu vile vinakuwa vya kampuni ya umeme ya Leta, na wewe uliyevinunua unaanza kulipa fakture. Maji: jamaa moja inachimba kisima, majirani wanalipa kwa ndoo. Usiku: vijana wanalinda mutaa, kila nyumba inatoa kitu. Njia: mvua ikichimba shimo, wanaume wanatoka na makoleo na kujaza vipande vya matofali, sawasawa na salongo ya wakati wa Mobutu, ila sasa hakuna wa kuwalazimisha.

Hizi zote njo kodi. Hazina jina la kodi, hakuna waziri anayezihesabu, lakini mama yule wa sokoni anazilipa. Juu yake analipa tikiti ya soko. Juu yake tena, akinunua sabuni, mafuta ya kupika ao yunite za simu, bei mara nyingi inabeba TVA ndani yake, asilimia 16, tangu tarehe 1 Januari 2012. Basi asiambiwe kwamba halipi. Analipa Leta, na analipia tena kazi ambayo Leta haikufanya. Hasira ya watu inatoka pale, na mimi siwezi kuwalaumu.

Kupatana

Lakini nisikusifu kupita kiasi, msomaji, maana mimi na wewe tuko pia katika habari hii.

Kuna neno moja tunalipenda sana: kupatana. Mtu wa takse anafika dukani kwa baba. Kwa sheria, tuseme, baba analipa 100. Mtu wa takse anakaa juu ya kiti, anapewa kinywaji, anasema: «Baba, tusaidiane.» Wanapatana 50. Katika 50 ile, 10 ao 20 inaandikwa katika kitabu cha Leta, na inayobaki inakula kona. Baba anaona amepata faida ya 50. Mtu wa takse amepata 30. Wote wawili wanaagana kama ndugu, na wote wawili jioni wanalalamika kwamba njia ya Kisanga imekufa.

Na mwenye nyumba anayepangisha wapangaji wanne na kusema wote ni wapwa zake? Kodi ya upangaji ni feza ya jimbo. Na yule anayenunua kiwanja kwa karatasi ya kijiji tu, anajenga mbio usiku, anakataa kwenda kuandikisha, halafu miaka kumi baadaye anashangaa kuona mtu wa pili na karatasi ya pili? Na dereva anayependa kumupa polisi wa njiani «ya kahawa» kuliko kulipa vinyeti? Kila mmoja ana sababu, na sababu nyingi ni za kweli: mushahara hautoshi, karatasi zinachelewa, ofisi ziko mbali, wanakuzungusha. Mimi mwenyewe nimekwisha kuzungushwa kwa karatasi moja muda wa wiki tatu, na siku ya mwisho mtu mmoja ofisini akaniambia kwamba kama ningetoa kitu siku ya kwanza, ningekuwa nimekwisha zamani. Nilikasirika. Lakini nakiri pia kwamba nilifikiri: kweli, kwa nini sikutoa?

Yohane Mbatizaji, watoza kodi walipomufuata mtoni, hakuwaambia waache kazi. Aliwaomba wasidai zaidi ya kile kilichowekwa. Ni neno dogo sana. Lakini linaomba kwamba kile kilichowekwa kijulikane, na kujulikana kwa mwenye kulipa pia. Katika soko lenu, je, bei ya tikiti imeandikwa mahali? Kwenye kibao? Kwenye ukuta wa ofisi ya soko? Kama hapana, yule mama atajuaje kwamba ameongezewa?

Namna watu walivyoiangusha RAM

Watu wanasema: tukiuliza, hakuna anayetujibu. Mara nyingi ni kweli. Lakini kumbuka habari ya RAM, ambayo si ya zamani.

Mwezi wa tisa mwaka 2020, mamulaka inayosimamia simu ilianza kukata feza katika simu za watu. Mwenye simu ndogo ya vifungo, dola 1 kwa mwaka. Mwenye simu kubwa ya intaneti, dola 7. Jina lake lilikuwa Registre des appareils mobiles, kwa kifupi RAM. Hukuombwa, hukupewa tikiti. Ulitia yunite, na wakati unataka kupiga kwa mtoto kule Kolwezi, ukakuta zimekwisha kupungua. Wakubwa walieleza kwamba si kodi, ni malipo ya kazi ya kulinda simu dhidi ya wezi na dhidi ya simu za uongo. Lakini watu walijiuliza ni simu gani iliyoibwa ikarudishwa.

Yule mama wa sokoni, ambaye juu ya TVA hakujua sana, juu ya RAM alijua, sababu aliiona ikitoka mbele ya macho yake. Njo tofauti. Kodi iliyofichwa ndani ya bei haina kelele. Ile inayotoka mukononi inaamsha mtu. Watu walilalamika katika mabasi, katika maredio, mbele ya makanisa. Wabunge wakachukua maneno yale mpaka Baraza la Taifa, na katika mwaka 2021 waziri wa simu, Augustin Kibassa Maliba, akaitwa kujieleza. Ulizo kubwa lilikuwa hili: sheria iko wapi? Maana Katiba, katika kipengele cha 174, inakataza kuweka kodi isipokuwa kwa sheria. Na swali la pili: feza iliyokusanywa imeandikwa wapi? Mwanzo wa mwaka 2022, RAM ikaondolewa.

Feza iliyokwisha kukatwa haikurudishwa katika simu za watu, hilo tulijue. Lakini kukata kuliacha. Ni mara chache katika maisha yetu kodi imeondoka sababu watu wadogo walisema hapana, na hakuna jiwe lililotupwa kwa ajili ya ile.

Asilimia 15 ambayo wachache wanaijua

Sasa nikuletee jambo ambalo, kwa maoni yangu, linapaswa kuzungumzwa katika kila nyumba ya inchi ya migodi, kuliko hata tikiti ya soko. Uvumilie namba kidogo.

Kampuni ikitoa shaba katika udongo wetu, inalipa Leta kitu kinachoitwa redevance minière. Ni kama mulambu wa udongo. Sheria ya migodi ya mwaka 2002 ilisema asilimia 2 kwa shaba. Sheria ile ilibadilishwa mwezi wa tatu mwaka 2018: sasa ni asilimia 3.5 kwa shaba, na 10 kwa madini ambayo Leta imeyaita ya lazima sana, kama kobalti. Feza hii inagawanywa. Nusu inakwenda Kinshasa. Asilimia 25 inakwenda kwa jimbo. Asilimia 10 inawekwa katika mufuko kwa ajili ya vizazi vitakavyokuja, siku madini yatakapokwisha. Na asilimia 15 ni ya komine, sekta ao shefri ambamo mugodi unachimbwa. Umesikia vizuri. Komine.

Tufanye mfano. Kampuni imeuza shaba ya dola milioni 100. Redevance ni dola milioni 3 na nusu. Katika hiyo, komine yenye mugodi inapaswa kupokea dola 525,000, na jimbo dola 875,000. Tena sheria ileile ya 2018 inaiomba kampuni kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mugodi. Katika mfano wetu ni dola 300,000 nyingine.

Na mauzo si kidogo. Mwaka 2023 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 2 na laki saba za shaba. Linganisha na zile 476,000 za Gécamines wakati ule tulipofikiri tuko matajiri. Shaba inatoka mara tano na zaidi, malori yanajipanga kwenda Kasumbalesa usiku na muchana, na mama anazidi kutembea katika vumbi la malori yale.

Sisemi kwamba kila komine ya Lubumbashi ina mugodi, ao kwamba zinapokea sawasawa. Nasema hivi: ukikaa katika komine ambamo kampuni inachimba, feza ya redevance haiombwi kwa huruma ya gavana wala ya muzungu wa kampuni. Ni ya sheria, na inalipwa kwa komine moja kwa moja. Bajeti ya komine ni karatasi ya watu wote. Tena, Kongo iko katika mpango wa dunia unaoitwa ITIE, ambao unaomba makampuni yaseme yamelipa nini na Leta iseme imepokea nini; namba mbili zinawekwa karibu karibu, na ripoti inatolewa. Kijana wenu anayesoma kule Kasapa, kwenye univerisite, anaweza kuitafuta kwa simu yake na kukusomea jioni moja. Mupe kazi hiyo. Ni afazali kuliko kutazama mupira tu.

Kibao cha parokia

Mara nyingi nimejiuliza kwa nini mama yuleyule anayejificha mbele ya mtu wa takse, siku ya Mungu anafungua kitambaa chake na kutoa zaka bila mtu kumukamata mukono. Watu wa ofisi wanadai ni sababu tunawaogopesha watu na moto wa milele. Labda wako na kisehemu cha haki. Lakini mimi naona jambo jepesi zaidi. Mahali kazi inakwenda vizuri, mwenye kutunza feza ya parokia anasimama mwisho wa mwezi, anasoma: matoleo ya juma la kwanza ni haya, la pili haya, tumenunua malata ishirini, zimebaki franka hizi. Karatasi inabandikwa kwenye kibao. Mama hajui kusoma sana, lakini anainua macho na kuona malata.

Na sisi tusijisifu, kuna parokia ambamo kibao hakina kitu isipokuwa matangazo ya ndoa, na hesabu haijasomwa tangu Pasaka ya mbele. Pale matoleo yanapungua, na padri anafikiri imani imepungua.

Komine inaweza kufanya sawasawa. Haiombi mashini. Inaomba ubao, karatasi na wino. Tikiti za soko mwezi huu: hizi. Redevance: hii. Tumenunua mawe ya njia: haya. Wafanyakazi wa komine wamelipwa: hivi. Burgumestre wa kwanza atakayefanya vile katika Lubumbashi, watu watatoka Katuba na Kampemba kuja kutazama.

Na kuna mlango mumoja mpya. Tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 2023, pamoja na kura ya rais na ya wabunge, watu wa Annexe waliwachagua washauri wa komine, wale tunaowaita makonseye. Ni mara ya kwanza chini ya Katiba ya mwaka 2006. Wengi walitia alama kwa mtu ambaye hawakumujua, sababu karatasi ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Sasa ni wakati wa kumujua. Sheria ya mwaka 2008 juu ya kazi za komine inawapa hao kazi ya kutazama bajeti na kuikubali ao kuikataa. Anakaa katika komine yako. Labda anapita mbele ya kibanda chako kila asubuhi.

Basi, mama, fanya hivi mwezi huu. Mtu wa takse akifika, mulipe, usikimbie na watoto mugongoni. Lakini usiachie feza mbele tikiti haijatoka. Akisema tikiti zimekwisha, umuambie kwa upole kwamba feza nayo inamungojea, arudi nazo. Chukua kopo tupu la maziwa, utie mule tikiti zako zote. Jirani yako na afanye vile, na yule wa ndakala, na yule wa unga. Mwisho wa mwezi mukae pamoja, watoto wanaojua hesabu wawasaidie: tikiti ngapi, feza ngapi kwa mutu mmoja, na soko lina wamama wangapi. Mupate namba moja. Iandikeni kwenye karatasi safi, pamoja na ulizo moja tu, kwa mfano juu ya mufereji unaojaa maji karibu na soko.

Kisha musimutume mtu mmoja. Muende watano ao sita, siku ya kazi, asubuhi, mukamutafute konseye wenu. Kopo la tikiti mulichukue pamoja nanyi.